Shikamoo ya Mtambo

Ng'ombe akiibwa, utaulizwa rangi yake na pembe zake zilivyokaa. Pikipiki ikiibwa, ina namba. Lakini Mkaguzi Theodora alikuwa siku ya tatu Ikungi akitafuta mtambo, na katika siku hizo tatu hakuwa amekutana na mtu hata mmoja aliyewahi kuuona.

Kuusikia, wengi walikuwa wameusikia. Uliitwa Sauti Shamba. Mkulima alipiga simu bure kutoka kijiji chochote, akaeleza alizeti yake inakauka majani au kuku wake wanasinzia, na mtambo ukamjibu kwa Kiswahili, na akitaka, kwa Kinyaturu. Kijana wa hapohapo Ikungi, Kefa, ndiye aliyeuanzisha, na mwezi wa nne aliuuza kwa kampuni moja ya Dar es Salaam. Picha yake ilitoka gazetini akiwa amevaa koti la kuazima. Siku ya sabini na moja baada ya kutia saini, mtambo ulinyamaza. Wanunuzi wakafungua jalada la wizi, Kefa akawekwa mahabusu, na jalada akapewa Theodora. Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu, na wakubwa walidhani kesi ya kompyuta haitamchosha miguu.

Ijumaa hiyo asubuhi upepo wa Julai ulikuwa unapiga mabati ya kituo kama unadai kitu. Mbele ya meza yake alikaa Edward, fundi aliyetumwa na wanunuzi, na kompyuta yake mapajani.

"Mama, huyu jamaa ni mjanja," Edward alisema. "Kwenye kompyuta zake tumekuta sehemu ya kupokea simu, tumekuta rekodi, na tumekuta njia ya kuzipitisha simu kwenda mahali pengine. Ile akili yenyewe inayojibu haipo. Ameihamisha."

"Fedha yote mlishampa?"

"Theluthi. Iliyobaki ni baada ya siku tisini, mtambo ukiwa bado unajibu."

"Ukanyamaza siku ya sabini na moja."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo zilibaki siku kumi na tisa alipwe fungu kubwa, ndipo akaamua kuiba?" Theodora alivua miwani. "Mwanangu, nimekamata wezi miaka thelathini na moja. Wapo wajinga sana. Lakini hesabu ya siku ya malipo hata mjinga haikosei."

Edward alifungua faili jingine. Akamgeuzia kompyuta. Kabla ya mtambo kunyamaza, mafundi wa Dar walikuwa wamekusanya kasoro kumi na nne walizozisikia kwenye rekodi, ili wazirekebishe baadaye. Theodora akataka kuzisikia zote, moja baada ya nyingine. Edward akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa achambue gunia la choroko.

Nyingi zilikuwa za kawaida. Kwenye moja mtambo ulikohoa. "Hiyo ni mkwaruzo wa mtandao," Edward alisema. Kwenye nyingine jogoo aliwika. "Huyo ni wa upande wa mkulima." Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke, ya chini, tulivu. Theodora aligundua kwamba ile ya Februari ilikuwa laini na ile ya Juni ilikuwa inakwaruza, akauliza kwa nini. Edward alieleza jambo refu kuhusu ubora wa rekodi, na Theodora akaliandika ingawa hakuliamini.

Ya tisa ilikuwa na alama nyekundu.

"Hii ni kasoro ya salamu," Edward alisema. "Mtambo unaangalia tarehe ya kuzaliwa aliyojiandikishia mpigaji. Mtu mzima anapata shikamoo, kijana anapata habari yako. Sasa huyu hapa ana miaka ishirini na moja. Sikiliza."

Simu iliita mara mbili, ikapokelewa.

"Shikamoo baba," ulisema mtambo.

"Marahaba mama," kijana akaitikia.

Kisha wakaingia Kinyaturu, nusu dakika hivi, kijana akiuliza na mtambo ukijibu kwa kifupi. Theodora alikuwa Mnyiramba wa Sekenke, na Kinyiramba na Kinyaturu ni majirani wanaosikilizana kwenye uzio tu. Aliambulia maneno mawili, maziwa na asali.

"Ufugaji na nyuki," Edward alisema. "Hapo maudhui yako sawa. Kosa ni ile salamu tu."

"Rudia mwanzo."

Akarudia. Theodora akasikiliza akiwa amefumba macho. Kilichomshangaza si mtambo. Kijana wa miaka ishirini na moja ameamkiwa na mashine iliyoandikwa gazetini, na hajacheka, hajashtuka, hajauliza. Ameitikia papo hapo, kama mtu aliyeitikia salamu hiyohiyo maisha yake yote.

"Anaitwa nani?"

"Leonard Mughwai. Simu yake iko hapa Ikungi."

Theodora akachukua mkoba wake.

Walimkuta kwenye mashine ya kukamua alizeti, ng'ambo ya barabara ya Dodoma, akipakia mashudu kwenye magunia. Alikuwa amepakaa mafuta hadi kwenye nyusi. Theodora alimwacha Edward kivulini, akaenda peke yake, akajitambulisha kwamba anatoka polisi mjini lakini hakusema kesi gani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Kazi inakwenda?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Wewe ni mtoto wa ngapi kwa mzee Mughwai?"

"Wa mwisho kabisa. Mzee alioa wake watatu, mimi ni wa bi mdogo. Nimezaliwa ana miaka sabini."

"Loo! Basi una watoto wa kaka zako waliokuzidi umri."

Leonard akacheka, akaegemea gunia. "Wamejaa, mama. Mmoja ana mvi, huyo ni mkubwa wangu tu, nani atamwambia aniite baba?"

"Kwa hiyo hakuna anayekuamkia."

"Yupo mmoja. Dina, wa marehemu kaka Laurian. Yule alilelewa na mzee mwenyewe, na mzee alikuwa mkali wa mambo hayo. Mdogo wa baba ni baba, hata akiwa bado ananyonya. Dina ndiye aliyenilea mimi. Wanasema kila asubuhi alikuwa ananiamkia kwanza, mimi mtoto wa mwaka mmoja, halafu ananifunga mgongoni na kwenda kuchota maji." Akacheka tena. "Mpaka leo hawezi kuacha. Hata kwenye simu..."

Kicheko kikakatika. Alimtazama Theodora, akamtazama Edward kule kivulini na kompyuta yake.

"Tarehe sita Juni ulipiga simu Sauti Shamba," Theodora alisema.

Leonard akainama kuokota kamba ya gunia.

"Maziwa na asali, Leonard. Ulikuwa unauliza habari za mifugo?"

Kijana akajifuta mikono kwenye suruali, ambayo ilikuwa na mafuta kuliko mikono yenyewe. "Mama, mimi sijasema kitu."

"Hujasema. Nitakuwa shahidi wako kwamba hujasema."

Tusimfichie Theodora: alitoka pale akiwa na furaha. Miaka thelathini na moja ya kukamata wezi wa mbuzi na wauza gongo, na kumbe bado kichwa kilikuwa kinafanya kazi kuliko kompyuta ya Dar. Hakungoja hata kuvuka barabara. Alimpigia mkuu wake wa upelelezi, Afande Melkizedeki, huku upepo ukimnyang'anya maneno.

"Afande, hakuna wizi. Mtambo haukuwahi kuwepo. Ni mtu. Ni mwanamke mmoja alikuwa anapokea simu zote, na nimempata jina."

Afande akapiga ukelele wa pongezi. "Theodora! Basi hiyo ni kula njama na kujipatia fedha kwa udanganyifu. Namjulisha mkuu wa upelelezi wa mkoa sasa hivi, na mawakili wa kampuni. Mlete huyo mwanamke leo."

"Nitamleta, afande."

Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka, hawakuwa wanazungumza na wapika ugali peke yao.

Kefa alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano akiwa peku. Siku nne za mahabusu zilikuwa zimemzeesha. Alisimama Theodora alipoingia, akaamkia, akakaa tena.

"Dina yuko wapi?" Theodora aliuliza.

Hakukana. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Alimwamkia baba yake mdogo."

Kefa akatoa sauti fulani, si kicheko na si kilio. "Nilimwambia. Nilimwambia mara mia, akipiga Leonard sema habari yako. Akasema mdomo wake unakataa."

"Anza mwanzo."

Mwanzo ulikuwa mzuri, kama mianzo mingi. Dina alikuwa amesoma kilimo, akawa anakaa siku za mnada Ikungi akijibu maswali ya wanawake kuhusu mbegu. Namba yake ikasambaa. Akawa anapigiwa mpaka akiwa anaoga. Kefa, ambaye alikuwa anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, akasema: tujenge mashine yenye sauti yako, ikujibie. Walikesha miezi minane wakirekodi. Wakaenda Dodoma kuwaonyesha watu wenye mitaji.

"Tulimchukua mzee mmoja wa Ihanja apige simu mbele yao," Kefa alisema. "Asubuhi tulijaribu. Mzee hana meno ya mbele. Mtambo haukumsikia. Akiuliza alizeti, unamjibu habari za mvua. Saa mbili zimebaki. Nikamwomba Dina akae chumba cha nyuma na simu. Siku hiyo moja tu."

"Wakapiga makofi."

"Walisimama, mama. Wakasimama wakapiga makofi."

"Halafu?"

"Halafu wakataka kuja kuwaona wakulima wakiutumia. Ikawa wiki moja tu. Kisha wakulima wakawa mia, wakawa mia sita. Kila fedha iliyoingia tuliitumia kujenga mtambo wa kweli. Tulijenga mara tatu. Kila tukiuwasha, wakulima wanakata simu, wanapiga tena, wanasema wanamtaka yule wa kwanza. Kila mtu kwenye hizi kazi ananiambia ndivyo kampuni zinavyoanza. Unauza kitu hakijawa, kisha unakimbia kukifikia. Mimi nilikimbia, mama. Sikukifikia."

"Jina lake halipo kwenye hati hata moja. Nimezisoma zote."

"Angekuwepo, wangemwita kwenye vikao. Angefungua mdomo mara moja tu, wangeijua sauti."

Theodora aliacha kuandika. Mwanamke aliyeanzisha kitu hicho, aliyekibeba miaka miwili kwa koo lake, alikuwa ameachwa nje ya karatasi kwa sababu ndiye aliyekuwa kitu chenyewe. Ilimuuma, na alijishangaa kwamba ilimuuma.

"Kwa nini alinyamaza?"

Kefa alijifuta uso. "Mwezi wa tatu alianza kukwaruza. Tukadhani ni vumbi. Hospitali wakaona uvimbe kooni. Wakasema aende Dar upesi, na asiongee kabisa. Wanunuzi walikuwa wameshafika. Tukakubaliana ajiuguze taratibu mpaka mauzo yaishe."

"Mlikubaliana?"

"Nilimwomba," Kefa alisema. "Fungu la kwanza lilichukuliwa na wale wenye mitaji, mkataba ulikuwa hivyo. La mwisho ndilo lingekuwa letu. Matibabu yake yalikuwa humo. Akasema siku tisini si nyingi. Alikuwa anakunywa maziwa na asali, anajibu, anatema damu kidogo, anajibu. Siku ya sabini na moja alifungua mdomo, hakikutoka kitu."

Nje mtu alikuwa anabishana na askari wa zamu kuhusu baiskeli.

"Mama," Kefa akaendelea, "andika kwamba mimi ni mwizi. Andika niliuiba mtambo, nikauvunja, nikautupa. Nitatia saini. Yeye ana tarehe ya upasuaji Jumatatu. Ukoo umeuza ng'ombe watano. Anapanda basi kesho alfajiri. Mkimwacha apande hilo basi, mimi nifungeni miaka mnayotaka."

Theodora alifunga daftari. Alitoka nje, akasimama nyuma ya kituo ambapo upepo haufiki, akampigia Afande Melkizedeki.

"Yule mwanamke ni mgonjwa, afande. Ana uvimbe kooni, anapasuliwa Jumatatu. Nampa dhamana, atarudi akitoka hospitali."

"Theodora, nimeshawajulisha watu wote. Mawakili wako njiani kutoka Dodoma. Unataka nimwambie mkuu kwamba mtuhumiwa wa mamia ya milioni tumempandisha basi la Dar kwa mikono yetu?"

"Hatatoroka. Hana hata sauti ya kuulizia njia."

"Jumatatu atafikishwa mahakamani. Aombe dhamana huko, hakimu atasikia."

"Jumatatu ndiyo siku ya upasuaji."

"Basi alipaswa kuugua mapema," Afande alisema, kisha akajishtukia, akashusha sauti. "Umebakiza miezi minane, dada yangu. Usiniharibie na usijiharibie. Jina umelileta wewe. Mlete na mwenyewe."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Jina alilileta yeye, kwa mdomo wake, akiwa anacheka barabarani. Kama angevuka barabara kwanza. Kama angemsikiliza Kefa kwanza. Theodora alisimama pale mpaka skrini ya simu ikazima.

Nyumba ya marehemu mzee Mughwai ilikuwa tembe ya zamani yenye paa la udongo, imeongezewa vyumba viwili vya bati, katikati ya mashina ya alizeti iliyokwisha kuvunwa. Begi lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni, na juu yake kanga iliyokunjwa na bahasha ya hospitali. Dina alikuwa amekaa kwenye mkeka akipepeta mtama. Shingoni alikuwa amejifunga skafu ya sufu, katika jua lile. Kando yake, juu ya kigoda, simu ndogo ilitetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena. Wakulima waliokuwa na namba yake ya zamani walikuwa bado wanaulizia alizeti zao. Aliitazama kila ilipotetemeka.

Alipomwona Theodora aliinuka, akapiga goti kidogo, na midomo yake ikasema shikamoo. Haikutoka hata pumzi.

"Marahaba, mwanangu," Theodora alisema.

Pikipiki ikaingia uani kwa kasi. Alikuwa Leonard, bado na mafuta yake. Alisimama mlangoni, akamtazama Theodora, akalitazama begi, na akaelewa. Dina alimgeukia. Akapiga goti kwa mara ya pili, mwanamke wa miaka ishirini na tisa kwa mtoto aliyembeba mgongoni, na midomo ikasema neno lilelile.

"Marahaba, mama," Leonard alisema, kisha akageukia ukuta.

Theodora alikuwa amesoma onyo la polisi mara ambazo hawezi kuzihesabu. Aliwasomea walevi, aliwasomea wauaji, aliwahi kumsomea mjomba wake. Hakuhitaji karatasi. Safari hii alitoa karatasi, kwa sababu hakujiamini.

"Dina Laurian, mimi ni Mkaguzi wa Polisi. Unatuhumiwa kwa kula njama na kujipatia fedha kwa udanganyifu, na Jumatatu utafikishwa mahakamani. Nakuonya kwamba..." Karatasi ilikuwa inapigwa na upepo, akaishika kwa mikono miwili. "Hulazimiki kusema neno lolote, isipokuwa kwa hiari yako mwenyewe. Lakini lolote utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Umeelewa?"

Dina alitikisa kichwa kukubali. Akalitazama begi lake kwa muda. Kisha akachukua daftari lililokuwa chini ya simu, lile alilokuwa akiandikia majina ya wakulima na shida zao, akafungua ukurasa mweupe, akaandika kwa kalamu ya risasi, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa vizuri shule ya msingi. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

*Jumanne basi la Dar lipo?*

Theodora alisoma. Hakuinua macho. Alivuta kigoda, akaisogeza ile simu iliyokuwa inatetemeka, akakaa, akafungua fomu ya maelezo ya onyo magotini. Chini ya mstari unaosema mtuhumiwa ameonywa na ameelewa, akayanakili maneno hayo neno kwa neno, kama sheria inavyotaka.